Kula na kunywa kwenye pabu ya kijijini Uingereza, hatua kwa hatua

Hatua ya 1: Piga simu. Pabu (baa ya Kiingereza) kuwa wazi haina maana kwamba jiko liko wazi. Vijijini jiko kwa kawaida hupika kuanzia saa 6 hadi saa 8 mchana, kisha saa 12 jioni hadi saa 3 usiku. Katikati ya hapo ni vinywaji na krispi za pakiti tu. Jumatatu pabu nyingi hazipiki kabisa. Chakula cha Jumapili mchana kinahitaji nafasi iwekwe mapema. Anayeendesha gari asinywe hata tone.

Hatua ya 2: Tafuta meza, usome namba yake, uikariri.

Hatua ya 3: Agiza kaunta. Hapa ndipo wageni hupoteza saa nzima. Kwenye baa za Dar es Salaam au Nairobi ukikaa, mhudumu anakufuata. Hapa ukikaa kimya watadhani unamsubiri mwenzako, na kwa heshima hawatakusumbua mpaka jiko lifungwe.

Aende mtu mmoja kwa niaba ya kundi zima. Hakuna mstari: watu hujipanga ubavu kwa ubavu kaunta nzima, lakini kila mmoja anajua nani alitangulia. Ukifika, waangalie uliowakuta. Mhudumu akikugeukia kabla yao, mwonyeshe wa kwanza. Usipige makofi, usiite, usipunge noti. Kumtazama usoni kunatosha.

Kama yupo anayetaka Guinness, itaje kwanza, kwa sababu hujazwa mara mbili na kati yake huachwa itulie. Kisha vinywaji vingine, chakula, na namba ya meza. Kwa kawaida unalipa hapo hapo, au unaacha kadi wafungue bili. Ukitaka kitindamlo, rudi kaunta tena.

Angalizo: penye kibao cha "Please wait to be seated" mlangoni, subiri upelekwe mezani. Baadhi ya pabu zina pande mbili, wa kunywa na wa kula, na kila upande una utaratibu wake. Ukiona meza zimeshapangwa visu na uma, uliza kwanza.

Angalizo la pili, kwa wasiokula nguruwe au wasiotumia pombe. Sheria inawataka wenye pabu waseme kama chakula kina chochote kati ya vizio (vitu vinavyoleta mzio) 14 vilivyoorodheshwa, kama karanga, maziwa na samakigamba. Nguruwe hayumo kwenye orodha hiyo, wala bia. Pai ya nyama ya ng'ombe mara nyingi hupikwa kwa bia, na chipsi sehemu nyingine hukaangwa kwa mafuta ya ng'ombe. Uliza kwa kutaja kitu chenyewe: "Kuna bia ndani?" Kuuliza "ni salama?" hakusaidii.

Hatua ya 4: Kinywaji. Painti, kipimo cha kawaida cha bia, ni mililita 568, kwa hiyo anza na nusu. Chagua bia ya pipa inayovutwa kwa mpini mrefu wa kaunta, hasa bitter (bia ya Kiingereza yenye uchungu kiasi) ya kilevi cha asilimia 4 au chini kidogo. Lager ya baridi utaipata popote duniani. Bia ya pipa hunywewa kwenye nyuzi 11 hadi 13 za Selsiasi, hivyo ukiona si baridi sana, usidhani imeharibika. Ikinuka siki, irudishe kwa utulivu, watakubadilishia. Bia kutokuwa angavu peke yake si ushahidi, maana baadhi hutengenezwa hivyo. Unaweza kuomba uonje kabla ya kununua. Maji ya bomba ni bure kisheria. Unayeonekana chini ya miaka 25, beba kitambulisho.

Ukinunuliwa kinywaji, raundi inayofuata ni yako. Kama hutaki kuingia kwenye zamu hizo za kununuliana, sema kabla ya glasi ya kwanza.

Hatua ya 5: Chakula. Jumapili ni nyama ya kuoka na Yorkshire pudding (kitu cha kuokwa cha unga, mayai na maziwa, si kitamu cha sukari). Siku nyingine, pai, ila uliza kama unga uliookwa umeizunguka nyama chini na pembeni. Bakuli lenye kifuniko cha unga juu ni mchuzi uliofunikwa, usilipie bei ya pai.

Hatua ya 6: Kengele ikilia, ni nafasi ya mwisho ya kuagiza. Ukimaliza, rudisha glasi kaunta.