Bastola pima kwa kiganja
Wewe mwenye kibali unayechagua bastola: toa magazini (kasha la risasi), vuta slaidi (sehemu ya juu inayoteleza) nyuma, kagua chemba, pale risasi inapokaa, kwa jicho na kwa kidole. Sasa shika mpini juu kabisa, fumba macho, ielekeze ukuta usio na mtu nyuma yake, fumbua. Alama ya kulengea ya mbele ikichungulia juu ya ile ya nyuma, pembe ya mpini haikufai. Kifundo cha mkono kitapambana nayo kila siku. Nyama ya ncha ya kidole cha shahada iifikie triga (kifyatulio) bila mkono kujizungusha. Hapo bastola ya Beretta 92 huwasumbua wenye viganja vidogo: mpini nene, na mvuto wa kwanza wa triga mrefu. Bastola nyingi za Glock kuanzia kizazi cha 4 zina migongo ya mpini ya kubadilisha. Halafu jua la Tabora mwezi wa Oktoba! Ijaribu mkono ukiwa na jasho, mpini laini huteleza.