Kabla hujanunua sensa ya throto

Corolla yangu ni AE101 ya 1993, injini 4A-FE, na niliachiwa na marehemu baba. Ndiyo maana sikubali kuiona ikibadilishwa vifaa kwa kubahatisha. Ilianza kusita kila nikikanyaga mafuta, kisha inaruka ghafla, na njia ya kwenda Amani yenye mashimo ndiyo iliyozidisha. Fundi wa kwanza aliisikiliza dakika mbili, akasema kanunue sensa ya throto, ile inayopima mlango wa hewa wa injini umefunguka kiasi gani. Nikanunua ya mtumba. Hali ikabaki ileile.

Anza kwa kuiuliza gari yenyewe. Ndani ya boneti kuna kiboksi chenye mfuniko ulioandikwa DIAGNOSIS. Chukua kipande cha waya, unganisha matundu yaliyoandikwa TE1 na E1, kisha fungua swichi bila kupiga stata. Eya kondisheni izimwe, mguu usiguse mafuta. Tazama taa ya injini. Ikipepesa harakaharaka mfululizo, kontroli boksi, yaani kompyuta ya injini, haijahifadhi kosa lolote. Ikiwaka mara nne, ikatulia, ikawaka mara moja, hiyo ni 41, njia ya throto. 31 ni sensa ya vakyumu, 22 ni ya joto la maji.

Yangu ilitoa 41. Hapo ndipo wengi wanakimbilia dukani, na mimi nilikuwa mmoja wao, lakini 41 haikwambii kwamba sensa imekufa. Inakwambia taarifa ya throto haifiki sawasawa, na waya nao ni sehemu ya njia hiyo.

Kwa hiyo pima kwa mita. Soketi ya sensa ikiwa imechomekwa na swichi imefunguliwa, ingiza pini nyembamba kwa nyuma. Kati ya VC (umeme unaoingia kwenye sensa) na E2 (ethi yake) upate karibu voti 5. Hamia VTA (waya unaopeleka taarifa ya throto) na E2: throto ikiwa imefungwa, voti 0.3 hadi 0.8; ikifunguka yote, 3.2 hadi 4.9. Ifungue polepole sana kwa mkono. Napenda mita ya mshale kwa kazi hii, kwa sababu mshale ukidondoka hata kidogo unauona. Wangu ulipanda vizuri kabisa. Nikashika waya karibu na soketi nikautikisa, mshale ukaanguka sifuri. Waya wa VTA ulikuwa umekatika ndani, ganda la nje zima. Mashimo ya njia ya Amani yalikuwa yananiambia hilo siku zote.

Kama hakuna kosa lililohifadhiwa, geukia mafuta. Kwenye kiboksi kilekile cha DIAGNOSIS unganisha +B na FP, fungua swichi, usikilize pampu na ushike mpira wa mafuta uone kama unakaza. Mpira ukiwa na nyufa, acha kila kitu uubadilishe kwanza. Petroli ikivuja juu ya injini ya moto utapoteza gari. Injini ikinguruma, weka bisibisi juu ya kila nozeli (kinyunyizio cha mafuta) na sikio kwenye mpini: zote zigonge sawa. Iliyo kimya, zima injini, chomoa soketi yake upime. Tegemea omu 13 hadi 15.

Nililehemu waya, nikaufunika kwa mpira unaonywea kwa joto, nikachomoa fyuzi ya EFI nusu dakika ili kosa lifutike. Nikapanda Amani na kurudi, nikaunganisha tena TE1 na E1. Taa ikapepesa mfululizo.