"Mpaka" kwa Kijapani: sakai, kyoukai, kokkyou, na lipi utumie wapi

Shida ya kwanza inaanzia kwetu sisi kabla hata hatujafika Japani. Neno letu mpaka limebeba mizigo mingi sana, mpaka wa shamba, mpaka wa Namanga, nisubiri mpaka saa kumi, yule jamaa kavuka mipaka, yote hiyo ni mpaka tu na tunaelewana vizuri. Mjapani hana neno moja la kubeba yote hayo. Kwa hiyo ukifungua kamusi ukakuta 境界 afu ukaanza kulibandika kila sehemu, utaongea vitu ambavyo mtu anabaki anakuangalia.

Basi kabla ya kukariri chochote, jiulize mpaka unaotaka kuusema ni upi.

Kama ni ule wa "hadi", huo uweke pembeni kabisa, neno lake ni まで (made), na linakuja NYUMA ya neno sio mbele kama kwetu. Mpaka kesho ni ashita made, mpaka Osaka ni Oosaka made. "Nisubiri mpaka saa kumi" ya jioni inakuwa 4時まで待ってください, yoji made matte kudasai, maana saa kumi yetu wao wanaihesabu saa nne, hapo wengi tunateleza mara mbili kwenye sentensi moja.

Sasa tuje kwenye mpaka wenyewe, ule wa kutenganisha vitu viwili. Neno la kuanza nalo ni 境, sakai. Hili ndo la kila siku, jepesi kutamka, sa-ka-i, vokali zao ni tano kama zetu kwa hiyo huna cha kuogopa. Ukuta kati yako na jirani: 隣の家との境に塀がある, tonari no ie to no sakai ni hei ga aru, yaani kwenye mpaka na nyumba ya jirani kuna ukuta. Angalia hiyo "to no sakai", ndo muundo wake, kitu unachopakana nacho kinatangulia, afu to no, afu sakai. Ukishika huo umeshika nusu ya kazi.

Ukiongeza 目 (me, yaani jicho) unapata 境目, sakaime, pale hasa vitu viwili vinapogusana. Mtu wa pwani hili atalipenda. Simama ufukweni siku yenye ukungu, uangalie mbele usijue bahari imeishia wapi na mbingu imeanzia wapi, hapo Mjapani atasema 空と海の境目が見えない, sora to umi no sakaime ga mienai. Mimi nililishika neno kwa hiyo picha na halijawahi kunitoka tena.

Afu kuna 境界, kyoukai. Hili ni zito kidogo, la kwenye karatasi, la ardhi, vipimo, sheria, sayansi. Mstari wa mpaka ni 境界線, kyoukaisen, na kuuchora mstari ni 境界線を引く, kyoukaisen o hiku, kitenzi hiku ni kilekile cha kuvuta. Kuwa makini na urefu wa sauti, hiyo "kyou" ni ndefu, ivute kama oo ya choo au koo, usiikate. Na hata ukiitamka vizuri bado kuna mtego, maana 教会 (kanisa) nalo ni kyoukai, na 協会 (chama au shirikisho) nalo ni kyoukai, sauti ni ileile. Kwenye kuongea muktadha unakuokoa, ila kwenye simu ukiandika kyoukai kibodi inakuletea zote tatu na ya kwanza mara nyingi sio unayoitaka. Niliwahi kumwandikia mwalimu wangu kwamba nyumbani kuna ugomvi wa mpaka na jirani, nikabonyeza chaguo la kwanza, akanijibu kwa upole akiuliza ni kanisa gani hilo lenye ugomvi. Tangu siku ile naangalia herufi kabla ya kutuma.

Na herufi yenyewe ukiijua huwezi kuchanganya. 境 ina mistari 14, kushoto kuna 土, udongo, ndo maana inahusu ardhi. Kulia kuna 立 juu, 日 katikati, na miguu miwili chini. Upande huohuo wa kulia ukiuwekea 金 (chuma) badala ya udongo unapata 鏡, kioo cha kujiangalia, hizo mbili ziandike pamoja mara kumi kumi macho yazoee tofauti. 界 nayo ina 田 juu, shamba, na ndo ileile iliyo kwenye 世界, sekai, dunia. Kwa hiyo kyoukai ndani yake kuna udongo na shamba, ukikumbuka ugomvi wa mashamba huko kwetu umemaliza.

Nikiwa hapohapo, neno lao la mazingira ni 環境, kankyou, hiyo ya kwanza ni pete au kitu cha kuzunguka. Na sisi mazingira yetu yametoka kwenye kuzingira. Mi nikigundua vitu kama hivi nafurahi mno, lugha mbili zisizojuana zimepita njia moja.

Mpaka wa nchi ni 国境, kokkyou, hapo kwenye kk unakata pumzi kidogo halafu ndo unaendelea. ナマンガはケニアとタンザニアの国境にある町です, Namanga wa Kenia to Tanzania no kokkyou ni aru machi desu. Kuvuka ni 国境を越える, kokkyou o koeru. Japani yenyewe ni visiwa, leo haina mpaka wa nchi kavu na nchi yoyote, iliwahi kuwa nao na Urusi kisiwani Sakhalin kwenye latitudo ya 50 toka 1905 hadi 1945. Kwa hiyo Mjapani kwa kawaida anavuka 県境, mpaka wa mkoa, unasomwa kenkyou au kenzakai (sakai ikiunganishwa inageuka zakai, usishtuke), na mikoa yao iko 47. Kuna sehemu Tochigi, Gunma na Saitama zinakutana kwenye eneo tambarare la mashamba, unazunguka mikoa mitatu kwa hatua chache tu.

Matumizi ninayoyapenda kuliko yote ni を境に, o sakai ni. Hapa mpaka unakuwa wa muda, tukio linakata maisha vipande viwili, kabla na baada. 結婚を境にたばこをやめた, kekkon o sakai ni tabako o yameta, alipooa ndo akaacha sigara. Utalikuta sana watu wakiongelea tetemeko la tarehe 11 Machi 2011, 震災を境に生活が変わった, shinsai o sakai ni seikatsu ga kawatta. Usilitumie kwa vitu vidogo kama chakula cha mchana, lazima kuwe na mabadiliko ya kweli. Na mgonjwa aliye kati ya kufa na kupona wanasema 生死の境をさまよう, seishi no sakai o samayou, anatangatanga mpakani mwa uhai na kifo.

Kuhusu mtu aliyevuka mipaka kwa tabia, usiseme kokkyou jamani, hapo unasema 度を越す, do o kosu. Na "kila kitu kina mipaka yake" ni 物事には限度がある, monogoto ni wa gendo ga aru, sakai haimo kabisa.

Leo chukua daftari uandike sentensi tatu za kwako mwenyewe, moja ya ukuta au shamba la jirani kwa to no sakai, moja ya mpaka wa nchi unaoufahamu kwa kokkyou, na moja ya siku iliyobadilisha maisha yako kwa o sakai ni. Hiyo ya tatu itakuchukua muda, usiikimbize.