Jinsi ya Kutambua Mgao wa Matibabu katika Mfumo wa Afya wa Nchi

Hakuna nchi inayompatia kila mgonjwa kila tiba, tena kwa wakati anaoihitaji. Nchi tajiri hugawa matibabu na nchi maskini hugawa vilevile; zinapotofautiana ni katika nani anayeamua, kwa kigezo gani, na iwapo uamuzi huo hutamkwa hadharani. Mwongozo huu unamlenga mtu anayetaka kuujua mgao wa nchi fulani ulivyo hasa, awe mwanahabari, mjumbe wa kamati ya kituo cha afya, au mzazi anayehamia ugenini na familia yake.

Anza kwa kuchagua tiba moja uifuatilie. Ukijaribu kulinganisha mifumo mizima utaishia kwenye bajeti na ahadi za majukwaani, ambazo hazikuonyeshi mgonjwa anakwama wapi. Mimi hupendekeza usafishaji wa damu kwa watu ambao figo zao zimeshindwa kufanya kazi. Tiba hii ni ghali, kwa kawaida hufanyika kwa saa nne hivi, mara tatu kwa wiki, na asiyepandikizwa figo huihitaji maisha yake yote. Anayeikosa hafi kesho, lakini haishi muda mrefu. Kwa hiyo nchi yoyote inayoigawa hulazimika kuchagua watu, na alama za uchaguzi huo huonekana.

Hatua inayofuata ni kumtafuta anayeamua. Katika jiji la Seattle nchini Marekani, daktari Belding Scribner alibuni mwaka 1960 mrija uliowezesha damu ya mgonjwa yuleyule kusafishwa tena na tena, na kituo cha kwanza cha huduma hiyo kilipofunguliwa mwaka 1962 waliohitaji nafasi walikuwa wengi kuliko mashine. Madaktari waliwachuja wagonjwa kwa vigezo vya kitabibu, kisha wakaikabidhi orodha iliyobaki kwa kamati ya raia 7 ambao majina yao hayakutangazwa. Kamati hiyo ilitazama kipato, ndoa, idadi ya watoto, elimu, hata mahudhurio ya kanisani. Habari zilipoenea, watu wengi walishtuka, na mwaka 1972 Bunge la Marekani likapitisha sheria ya kuwaingiza karibu wagonjwa wote wa figo katika bima ya serikali iitwayo Medicare, bila kujali umri. Matokeo yake ni kwamba nchi inayojulikana kwa kugawa matibabu kwa bei na kwa aina ya bima aliyonayo mtu, ina ugonjwa mmoja ambao kwao mgao huo umeondolewa kwa kiasi kikubwa. Ndiyo maana usiridhike na maelezo ya jumla kuhusu nchi.

Baada ya kumjua mwamuzi, soma kilichoandikwa. Tafuta kitita cha mafao, yaani orodha ya huduma zinazolipiwa, pamoja na orodha ya dawa muhimu na masharti ya kibali, kisha usome kwanza sehemu ya huduma zisizolipiwa, kwa kuwa huko ndiko waandishi wa sera husema ukweli. Thailand ilipoanzisha huduma ya afya kwa wote mwaka 2002, usafishaji wa damu haukuwamo. Uliingizwa mwaka 2008 kwa sharti kwamba mgonjwa aanze na njia ya kusafisha kupitia tumboni, inayofanyika nyumbani. Aliyetaka mashine ya hospitali bila sababu ya kitabibu alijilipia. Sharti hilo lililegezwa mwaka 2022. Uingereza nayo ina taasisi iitwayo NICE, iliyoundwa mwaka 1999, ambayo hupima dawa mpya kwa kulinganisha bei na miaka ya maisha yenye afya inayotarajiwa. Kwa muda mrefu kiwango chake cha kawaida kilikuwa kati ya pauni 20,000 na 30,000 kwa kila mwaka mmoja wa namna hiyo. Unaweza kukipinga kiwango hicho, lakini walau unajua unachokipinga.

Kazi ngumu zaidi ni kutafuta kisichoandikwa. Katika miaka ya 1970 na ya 1980 Uingereza haikuwa na sheria iliyowakataza wazee kusafishwa damu, na huduma ilikuwa ya bure. Hata hivyo, wazee wengi hawakufika kwenye mashine, kwa sababu daktari wa mtaani, yule anayemwona mgonjwa kwanza na kumpa rufaa ya hospitali, akijua nafasi ni chache, hakuwapa rufaa, na mgonjwa aliambiwa tu kwamba hakuna zaidi la kufanyika. Tunaofahamu mgao wa umeme tunajua tofauti kati ya ule wenye ratiba na ule ambao taa huzimika tu, ukipiga simu unaambiwa ni hitilafu. Huku kwetu mgao wa pili wa matibabu huja kwa sentensi fupi dirishani: dawa zimeisha, kanunue nje. Nchini Tanzania watoto chini ya miaka 5, wajawazito na wazee wa miaka 60 na kuendelea wasio na uwezo wana msamaha wa gharama katika vituo vya serikali, lakini msamaha hauna thamani siku ambayo rafu ya dawa ni tupu. Kwa hiyo usiishie kwa afisa wa bima; waulize mfamasia, muuguzi wa zamu na wagonjwa walio kwenye benchi.

Pima pia kiasi, kwani huduma inaweza kuwapo kwa jina huku imepunguzwa. Nchini Kenya, mfuko wa taifa wa bima ya afya, NHIF, kabla nafasi yake haijachukuliwa na mamlaka mpya iitwayo SHA tarehe 1 Oktoba 2024, ililipia vipindi viwili vya kusafisha damu kwa wiki, ilhali kipimo cha kawaida ni vitatu. Aliyetaka cha tatu alitoa mfukoni. Foleni ipimwe kwa jicho hilohilo. Uingereza imejiwekea lengo kwamba asilimia 92 ya wagonjwa waanze kutibiwa ndani ya wiki 18, lakini hesabu huanza rufaa inapopokelewa hospitalini, na siku ambazo mtu alihangaika kumpata daktari wa mtaani hazimo.

Mwisho, angalia kama aliyekataliwa anaweza kudai sababu. Mwaka 1997 mgonjwa mmoja wa Durban, Afrika Kusini, mwenye umri wa miaka 41, aliishtaki serikali baada ya hospitali ya umma ya Addington kumkatalia huduma ya kusafisha damu. Hospitali ilikuwa na mashine 20, baadhi zikiwa chakavu, na kati ya wenye ugonjwa wa figo wa kudumu, waliopokelewa walikuwa wale tu wanaofaa kupandikizwa figo. Yeye, kwa kuwa na maradhi ya moyo pia, hakufaa, na fedha za kutibiwa hospitali binafsi zilikuwa zimemwishia. Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini, katika kesi inayojulikana kwa jina la mgonjwa huyo, Soobramoney, iliamua kwamba haki ya matibabu ya dharura haihusu tiba ya kudumu, na kwamba mwongozo wa hospitali ulikuwa wa busara na ulitumika kwa haki. Mgonjwa alifariki siku chache baadaye. Hukumu hiyo ni chungu, ila hospitali ililazimika kuweka vigezo vyake mezani, mbele ya majaji na mbele ya aliyeathirika.

Ikiwa unauchunguza mfumo kwa ajili ya mgonjwa wako mwenyewe, omba kukataliwa kwenu kuwe kwa maandishi, kukiwa na tarehe na kifungu kilichotumika. Nchini Marekani, sheria ya mwaka 2010 humruhusu mwenye bima kukata rufaa ndani ya kampuni, kwa kawaida katika siku 180, kisha kupeleka aina nyingi za mashauri kwa mhakiki wa nje. Nchini Uingereza ni daktari anayeandika ombi la kugharamia tiba kwa mgonjwa mmoja, akionyesha kwa nini hali yake si kama ya wengine. Pasipo karatasi hiyo ya kukataliwa, njia zote mbili ni ngumu kuanza.