SOMO: Una heka zako chache Texas na koyote wanakumalizia mbuzi, utajuaje kama unaruhusiwa kupiga?

Habari za saa hizi wakuu. Tangu watu wetu waanze kutoka Dallas na Houston kwenda kununua heka tano tano huko nje wafuge mbuzi na kuku, swali limekuwa ni lile lile, eti koyote (yule mnyama wa porini wa jamii ya mbwa) anawindwa wapi bila kuvunja sheria. Naongelea Texas tu maana ndiko niliko, kila jimbo lina yake, usije ukachukua hii ukaenda nayo Minnesota.

Kwanza elewa hili. Kwa sheria ya jimbo koyote hana msimu wala idadi, unampiga mwaka mzima, mchana au usiku kwa tochi, hata ile spika ya kumwita kwa sauti ya sungura ni ruksa kwenye ardhi ya mtu binafsi ukiwa na ruhusa yake. Kwa hiyo ukiuliza "koyote anaruhusiwa?" utajibiwa ndio na hujasaidiwa kitu. Cha kuuliza ni je, bunduki inaruhusiwa kulia kwenye hiki kipande cha ardhi? Hapo ndo wengi wanaingia choo cha kike.

Hatua ya 1: jua uko wapi kwenye karatasi
Ingia tovuti ya ofisi ya kaunti inayothamini ardhi kwa ajili ya kodi, weka anwani yako, ramani inakuja na mipaka yote. Angalia kama uko ndani ya mji, kwenye ule ukanda wa nje ambao mji bado una mkono wake, au uko kaunti tupu. Angalia heka ni ngapi, za kwenye karatasi sio za kukadiria kwa macho. Halafu angalia kama kiwanja chako kilikatwa kutoka kwenye mradi wa viwanja, na hili usilidharau kabisa, kwa sababu kaunti ina mamlaka ya kupiga marufuku kufyatua risasi kwenye viwanja vya heka 10 kushuka chini vilivyo kwenye miradi ya namna hiyo nje ya mji. Zipo kaunti zimeweka hiyo amri na zipo ambazo hazijaweka, ndo maana unaweza kukuta rafiki yako kaunti ya pili anapiga kila Jumamosi na wewe ukipiga mara moja tu sherifu yuko getini.

Kama uko kwenye huo ukanda wa nje, au sehemu ambayo mji umeimeza baada ya Septemba 1, 1981, mji hauwezi kukuzuia shotigani (ile ya marisau) wala upinde kama una heka 10 au zaidi na uko zaidi ya futi 150 kutoka nyumba ya jirani. Raifo au bastola ni heka 50 na futi 300. Mwenye heka tano hapo ashajijua.

Hatua ya 2: piga simu
Ofisi ya sherifu, namba ya kawaida sio 911. Uliza hivi: "Kuna amri ya kaunti inayokataza kufyatua bunduki kwenye kiwanja changu?" taja na anwani, usiulize mambo ya koyote hapo. Halafu mtafute bwana nyama wa kaunti yako, yule gemu wodeni, namba zao zipo kwenye tovuti ya Texas Parks and Wildlife (idara ya wanyamapori ya jimbo), na ukipanga kuwinda usiku mwambie mapema, maana jirani akiona tochi anadhani ni majangili wa paa na huyo bwana nyama ndo atapigiwa simu. Andika jina la aliyekujibu na tarehe.

Na soma hati yako ya shamba. HOA (chama cha wenye nyumba wa eneo lako) inaweza kukataza kitu ambacho jimbo na kaunti zimeruhusu.

Hatua ya 3: risasi isivuke mpaka
Hii ndo inafunga watu wenye maeneo madogo. Ukifyatua kwa kujua na risasi ikavuka mpaka wa shamba ni kosa, labda uwe unamiliki pande zote au una makubaliano ya maandishi na mwenye upande wa pili. Maandishi, sio "tuliongea kwenye fensi". Sasa chukua heka tano, mara nyingi ni kama futi 330 kwa 660, na risasi ya raifo ya .223 inasafiri zaidi ya maili moja ikikosa. Kwa hiyo unataka upige kutoka juu kwenda chini, tuta la udongo liwe nyuma ya mnyama, ama utumie marisau ambayo nguvu inaisha karibu. Mimi kwa heka tano nisingegusa raifo kabisa.

Barabara nayo sahau. Kuwinda ukiwa barabarani au kwenye ule mtaro wa pembeni hairuhusiwi, hata kama koyote kasimama shambani kwako mwenyewe.

Hatua ya 4: leseni
Kuwinda koyote kunataka leseni ya kuwinda. Ukiwa umekaa Texas zaidi ya miezi 6 mfululizo unapata ya mkazi, na inakufa Agosti 31 haijalishi umeinunua lini. Aliyezaliwa Septemba 2, 1971 au baadaye anatakiwa na kozi ya uwindaji, kuanzia miaka 17 unaimaliza kwenye simu tu.

MASWALI YA WADAU

Mama Beberu: Mimi sina leseni na koyote kaingia bandani saa tisa usiku anakula mbuzi wangu, nimuangalie tu?
Jibu: Hapana dada. Koyote anayeshambulia mifugo, anayekaribia kushambulia au aliyetoka kushambulia, mwenye mifugo anaweza kumuua bila leseni. Ila leseni ndo imeondoka hapo, usidhani na ile amri ya risasi ya kaunti imeondoka. Ndo maana hatua ya 2 unaifanya mchana, kabla.

Mgeni Njia: Niko na viza ya student, brother ana shamba karibu na Abilene, naeza mshikia bunduki?
Jibu: Simama hapo hapo. Sheria ya federal inawakataza wenye viza za muda hata kuishika, na mojawapo ya vichache vinavyokutoa ni kuwa na leseni halali ya kuwinda ya jimbo. Mwenye green card hana hilo tatizo. Wewe muone wakili wa uhamiaji kwanza, mbuzi wa brother watasubiri.

Heka Tatu: HOA imekataa bunduki. Nikimtega mzima nikamtupe porini je?
Jibu: Usithubutu. Tangu 1995 Texas ina karantini ya kichaa cha mbwa, kusafirisha koyote mzima hairuhusiwi. Fungia mbuzi usiku, weka fensi ya umeme na waya mmoja chini kabisa maana anachimba, tafuta mbwa wa kulinda kama Great Pyrenees au Anatolian, alelewe na mbuzi tangu mdogo. Punda jike mmoja naye anafanya kazi. Halafu piga simu Texas Wildlife Services, kazi yao ni hiyo.

Mzee wa Fensi: Nimempiga akakimbilia kwa jirani, namfuata?
Jibu: Bila ruhusa hapana. Na ukiona miti au nguzo zimepakwa mistari ya zambarau, inchi 8 kwenda juu, kati ya futi 3 na 5 kutoka chini, hiyo kisheria ni sawasawa na kibao cha "usiingie". Mpigie jirani, umuombe namba yake leo kabla hujahitaji.