Kizuizi cha gabioni kwenye korongo: anza na mlango wa maji

Vizuizi vya gabioni (visanduku vya waya vilivyojazwa mawe) kwenye vijito vya mteremko, kama vile vinavyoshukia mto Kawa mjini Bukavu, ni nadra kuvunjika katikati. Maji huvizunguka ubavuni au huchimba chini yake. Kwa hiyo, kabla ya kuamua kimo cha ukuta, piga hesabu ya mlango wa maji, yaani pengo la juu ya ukuta ambamo mafuriko hupita.

Maji ya mafuriko: 0.278 × kigezo cha mtiririko (sehemu ya mvua inayotiririka juu ya ardhi) × mvua (milimita kwa saa) × eneo (kilomita za mraba). Tuseme hekta 50 (kilomita za mraba 0.5) za nyumba zilizobanana, kigezo 0.6, mvua ya milimita 80 kwa saa: mita za ujazo 6.7 kwa sekunde. Mlango hupitisha 1.7 × upana × kina kwa kipeo cha 1.5. Ukiwa na upana wa mita 6, kina ni mita 0.75. Ongeza mita 0.25 ya tahadhari, upate mita 1, yaani kimo cha kisanduku kimoja kila upande wa mlango. Mlango usipite upana wa sakafu ya korongo, la sivyo maji yataangukia kingo.

Jenga kiangazi, Juni hadi Agosti. Chimba msingi wa nusu mita au zaidi, na uingize ukuta kila ukingoni mita 1 hadi 1.5. Watu hupunguza hapa ili kuokoa mawe, na hapa ndipo maji hupenya. Nyuma ya ukuta tandika kitambaa cha kuchuja. Bila hicho udongo hutoka kupitia mawe na ukingo hubaki na pango.

Mawe yawe magumu na mazito, sentimita 10 hadi 25, yapangwe kwa mkono. Yale ya lava yenye vitundu, ya Goma, ni mepesi mno. Funga waya za kuvuta ndani kila theluthi ya kimo, kisanduku kisivimbe.

Chini ya maporomoko laza sakafu ya gabioni yenye urefu mara mbili hadi tatu ya kimo cha anguko, na mwisho wake uzamishwe ardhini.

Mfululizo wa vizuizi: mteremko wa asilimia 10 na kimo cha mita 1, achanisha mita 10, ili mlango wa kizuizi cha chini ulingane kwa usawa na mguu wa kizuizi cha juu yake.

Usipitishe maji kwa bomba ukutani. Chupa na mifuko huliziba kwa mvua moja.

Septemba mvua zikianza, kagua kwanza maungio ya ubavuni na ncha ya sakafu. Waya uliokatika ushonwe siku hiyohiyo.