Uduvi Wekundu Katika Tangi la Mimea: Namna ya Kuwatunza kwa Maji ya Uganda

Anayepoteza uduvi huwapoteza zaidi katika wiki za mwanzo, na lawama humwangukia muuzaji. Mara nyingi muuzaji hana hatia. Wauaji wakubwa ni wawili: maji yasiyo na madini ya kutosha, na sumu inayoingia ndani ya nyumba bila kudhaniwa, hasa dawa ya mbu. Mwani kwenye kioo na majani yanayooza haviwadhuru uduvi. Hayo ndiyo malisho yao. Kwa hiyo kazi kubwa hufanyika kabla hawajafika, na wakishafika kazi ni kujizuia kuwagusagusa.

Uduvi tunaowazungumzia hapa ni Neocaridina davidi, ambao asili yao ni China na Taiwan. Wekundu ndio wanaojulikana zaidi, ingawa kuna wa njano, wa buluu na wa rangi nyingine, na matunzo yao ni yale yale. Si sawa na Caridina nilotica, uduvi wa Ziwa Victoria wanaoliwa na sangara wachanga na kunaswa pamoja na mukene (dagaa). Tofauti hiyo ni muhimu, kwa sababu swali huulizwa kila mara: ikiwa ziwa lina uduvi tele, na maji ya bomba ya Kampala yanatoka ziwani pale Ggaba, mbona tuyaongeze madini? Jibu ni kwamba uduvi wa ziwani wameyazoea maji laini ya ziwa, yaani yenye madini machache. Wekundu huhitaji kalsiamu zaidi ili wajenge gamba jipya kila wanapojivua la zamani.

Tangi

Tangi la sentimita 60 kwa 30 kwa 35 linatosha sana. Ukitoa mchanga na nafasi ya juu, linabaki na maji kama lita 50. Dogo kuliko lita 20 usianze nalo, maana kosa dogo linageuka kubwa haraka. Fundi wa vioo anaweza kuliunda, lakini kagua silikoni anayotumia: iwe ya kawaida, isiyo na dawa ya kuzuia ukungu. Ile ya bafuni na jikoni mara nyingi ina dawa hiyo. Acha ikauke wiki nzima, kisha jaza maji, kaa siku moja, uyamwage.

Chini weka mchanga wa mto uliooshwa hadi maji yatoke safi, unene wa sentimita 3 hadi 5. Chujio liwe la sponji linaloendeshwa na pampu ya hewa. Machujio yenye mdomo wa kunyonya huwavuta watoto wa uduvi, ambao huanguliwa wakiwa na urefu wa milimita mbili hivi. Kwenye mpira wa hewa tia vali ya kuzuia maji yasirudi, la sivyo umeme ukikatika maji yanaweza kushuka hadi kwenye pampu. Kwa mitaa ambayo umeme hukatika mara kwa mara, pampu ndogo ya betri ni ya lazima, na hasa usiku: mimea hutoa oksijeni kwenye mwanga, lakini gizani inaitumia kama viumbe wengine.

Kampala, Jinja na Entebbe hazihitaji hita. Nyuzi 20 hadi 26 zinawafaa, na chumba cha kawaida hubaki humo. Kabale, ambako usiku ni wa baridi kali, hita ndogo ya wati 50 inasaidia. Gulu na Arua tatizo ni kinyume, hasa Januari na Februari: maji yakipita nyuzi 29, elekeza feni ndogo juu ya uso wa maji, nayo yatapoa nyuzi mbili au tatu kwa kule kuvukizwa.

Maji

Hapa ndipo pa kutulia. Maji ya bomba ya Kampala yana klorini, na ni laini. Unahitaji vipimo vitatu: vitone vya kupimia GH, yaani ugumu wa jumla unaotokana na kalsiamu na magnesiamu; vitone vya KH, inayoshikilia pH (kipimo cha uasidi wa maji) isiyumbe; na kalamu ya TDS, inayopima jumla ya vitu vilivyoyeyuka majini. Lengo ni GH 6 hadi 8, KH 2 hadi 5, pH 6.8 hadi 7.6, na TDS kati ya 150 na 250.

Klorini ya kawaida huondoka maji yakikaa wazi saa 24 huku yakipulizwa hewa. Ukitaka uhakika tumia sodiamu thaiosalfeti: yeyusha gramu 10 katika mililita 100 za maji safi, halafu tia mililita 2 za mchanganyiko huo kwa kila jerikeni ya lita 20.

Kisha madini. Kwa jerikeni moja ya lita 20 tia gramu 1.8 za jasi safi (salfeti ya kalsiamu), gramu 0.9 za chumvi ya Epsom na gramu 1.2 za bikaboneti ya sodiamu. Hesabu hiyo hupandisha GH kwa nyuzi 4 na KH kwa nyuzi 2. Kama bomba lako linasoma GH 2 au 3, utafika panapotakiwa. Jasi huyeyuka polepole mno: itie kwenye chupa ya lita moja na nusu yenye maji, itikise kwa nguvu, mimina kwenye jerikeni, uache hadi kesho ndipo upime. Chumvi ya Epsom inapatikana duka la dawa. Bikaboneti iwe tupu, isiwe poda ya kuokea iliyochanganywa vitu vingine, na kamwe isiwe magadi ya kulainishia maharage, kwani hayo hurusha pH juu. Kijiko hakifai kwa vipimo hivi. Nunua mizani ndogo inayosoma sehemu ya mia ya gramu.

Maji ya mvua hayana madini karibu kabisa, kwa hiyo yanahitaji nyongeza kubwa zaidi. Tena yakipita juu ya mabati yanaweza kubeba zinki, ambayo ni sumu kwa jamii yote ya uduvi na kaa. Usiyatumie kama paa ni la mabati yasiyopakwa rangi. Maji ya kisima kirefu ni kinyume chake: huenda yakawa magumu tayari, au yakawa na chuma. Yapime kwanza. Yakisoma GH 7 usiongeze kitu.

Maji ya tangi yanapopungua kwa kuvukizwa, jazia maji ya bomba yaliyotolewa klorini bila kuyatia madini. Mvuke huondoka na madini hubaki. Ukijazia maji yenye madini kila mara, TDS hupanda kimyakimya hadi uduvi washindwe kujivua.

Mimea na kusubiri

Mimea mizuri zaidi ni ile isiyohitaji matunzo: mosi (moss) wa Java, anubiasi iliyofungwa kwenye gogo, valisneria, na seratofilamu, ule mmea laini wenye majani kama sindano unaoelea karibu na fukwe za ziwa. Ukitaka wa ziwani, usiingie majini miguu mitupu, kwa sababu konokono wa pale hueneza kichocho. Vaa buti na glavu ndefu, au mwagize mvuvi. Mmea huo ukae kwenye ndoo wiki tatu, ukibadilisha maji na kuukagua. Unachotafuta ni viluwiluwi vya kereng'ende: vina rangi ya tope, miguu sita na taya la kukunjua, na kimoja tu kitamaliza uduvi wako mmoja mmoja usiku. Mimea ya dukani nayo ikae ndoo, maana huenda ilipuliziwa dawa ya wadudu.

Washa taa kwa muda wa saa saba kila siku. Tia punje chache za chakula cha samaki kila siku ya pili ili bakteria wa kwenye sponji, wanaoondoa sumu majini, wapate amonia ya kuanzia. Baada ya wiki nne hadi sita amonia na nitriti zinapaswa kusoma sifuri, na nitrati chini ya 20. Usikimbilie kununua siku hiyohiyo. Subiri mpaka vioo na gogo vipate utando wa kijani na kahawia. Watoto wa uduvi huishi kwa utando huo, na tangi linalong'aa huwanyima chakula.

Kuwaingiza

Anza na uduvi 15 hadi 20. Wamimine na maji yao kwenye ndoo, funga fundo kwenye mpira mwembamba wa hewa, uyaruhusu maji ya tangi kudondoka matone mawili au matatu kwa sekunde. Endelea hadi maji ya ndoo yawe mara tatu ya yalivyokuwa, kazi ya kama saa mbili. Wahamishe kwa wavu. Maji ya ndoo yamwage nje.

Wasichanganywe na samaki. Nkejje, wale samaki wadogo wa ziwani, na vifaranga vya ngege (tilapia) huwala wakubwa kwa watoto. Hata gapi, samaki anayesifiwa kwa upole, humeza watoto wote.

Chakula kidogo mara mbili au tatu kwa wiki: kipande cha malenge au jani la dodo (mchicha) lililochemshwa dakika mbili, ukubwa wa ukucha wa kidole gumba kwa uduvi ishirini, kitolewe baada ya saa tatu. Mboga za sokoni zinaweza kuwa na dawa ya shambani, na kuosha hakutoshi. Tumia za bustanini kwako. Majani makavu ya mpera au mkungu, yaliyoanguka yenyewe, yakae tangini mpaka yabaki mifupa. Gamba lililovuliwa usilitoe. Watalila na kurudisha madini yake mwilini.

Kila wiki badilisha asilimia 10 ya maji, siyo zaidi, kwa maji yenye joto na TDS sawa na ya tangini. Sponji ikamuliwe kwenye maji uliyoyatoa, isioshwe bombani.

Dawa ya mbu

Dawa nyingi za kupulizia huwa na pairethroidi, na kiasi kidogo mno cha sumu hiyo huua uduvi. Pampu ya hewa ndiyo njia yake: inavuta hewa ya chumba na kuipuliza majini. Chumba chenye tangi kisipuliziwe wala kuchomewa koili. Ikibidi, kama wakati wa upuliziaji wa kuta, zima pampu, funika tangi lote kwa plastiki, fungua madirisha saa kadhaa, na uwashe pampu ya betri ikivuta hewa kutoka nje. Neti zenye dawa, zile zinazogawiwa na serikali, zisitumiwe kabisa kama kifuniko au chujio, hata zikiwa kuukuu. Mikono iliyopakwa losheni ya kufukuza mbu isiingie tangini. Dawa za samaki zenye kopa, yaani shaba, nazo ni mwiko.

Kuusoma msiba

Wakifa wengi ndani ya saa chache, ni sumu au klorini: badilisha nusu ya maji mara moja, hapa kanuni ya asilimia 10 haihusiki. Akifa mmoja mmoja kila siku katika wiki ya kwanza, ni safari na tofauti ya maji, waache watulie. Wakionyesha mstari mweupe unaozunguka mwili nyuma ya kichwa, gamba limepasuka vibaya. Pima GH, na uangalie kama hukubadilisha maji mengi kwa ghafla. Wote wakipanda juu alfajiri, hewa imepungua. Wakiogelea ovyo bila kutua, pima amonia.

Jike mwenye mayai huyabeba chini ya tumbo wiki tatu hadi nne, mara nyingi mayai 20 hadi 30. Wakizidi, wagawie wenzako kwenye mfuko wenye maji theluthi moja na hewa theluthi mbili, pamoja na kishungi cha mosi wa kushikilia. Usiwamwage kwenye kinamasi wala ziwani, ambako si kwao na ambako uduvi wengine tayari wana makazi.